Windows, macOS na Linux: Zinavyotofautiana katika masasisho na uthabiti

MNAMO Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilivamia tarakilishi katika zaidi ya mataifa 150 na kuvuruga huduma katika hospitali nyingi za Uingereza. La kusikitisha ni kuwa kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu huo miezi miwili awali. Waathiriwa wengi hawakuwa wameitia katika mashine zao.

Masasisho ni marekebisho yanayotolewa na watengenezaji wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza tarakilishi. Mifumo mitatu mashuhuri huyashughulikia kwa njia tofauti.

Windows: Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa marekebisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Aghalabu mfumo huu hauruhusu faili inayotumika kubadilishwa, hivyo mashine hulazimika kuwashwa upya. Aidha, Windows hutumika katika mashine za kampuni nyingi, na si rahisi kuzijaribu zote. Oktoba 2018, usambazaji wa toleo moja la Windows 10 ulisitishwa baada ya baadhi ya watumiaji kupoteza faili zao.

macOS: Apple huunda mfumo na mashine yenyewe, hivyo aina za kujaribiwa ni chache. Toleo kuu hutolewa takriban kila mwaka, bila malipo tangu 2013. Kuanzia toleo la Big Sur la 2020, faili za mfumo huwekwa katika sehemu iliyotiwa muhuri wa kidijitali ili zisichezewe. Hata hivyo, mashine kuukuu hatimaye hunyimwa matoleo mapya.

Linux: Mfumo na programu nyingi hutoka katika hazina moja na husasishwa kwa pamoja. Faili inayotumika yaweza kubadilishwa, na kuwasha upya huhitajika hasa kiini cha mfumo kinapobadilika. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, nalo huhudumiwa kwa miaka mitano. Matoleo ya kawaida huhudumiwa kwa miezi tisa tu. Debian thabiti hupokea marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa pekee. Anayeichagua hupata utulivu lakini huzikosa programu mpya kabisa.

Pupa nayo ina hatari zake. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lililemaza takriban mashine milioni 8.5 za Windows. Za macOS na Linux hazikuguswa.

Basi ni busara kutia marekebisho ya usalama mapema, kusubiri kidogo kabla ya kupokea toleo kuu jipya, na kuweka nakala za kazi mahali pengine. Fauka ya hayo, muda wa kawaida wa kuhudumia Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.