Bunge Lililohamia Kiganjani

Watu wengi husema kuwa wanasiasa wetu walihamia katika mitandao ya kijamii kwa sababu ni kitu kipya, chepesi, tena kisicho na gharama kubwa. Kauli hiyo ina ukweli wake, walakini haitoshi. Uhamaji ule una tarehe zake, na tarehe nyingi kati ya hizo ziliandikwa Dodoma, mji ambao TANU iliamua mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi, na ambao ndio wenye Bunge na makao makuu ya Chama Cha Mapinduzi.

Uwanda wa kati ulikwisha kuzoea mikutano mikubwa kabla ya hapo. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itaingia katika uchaguzi wa kura tatu, na habari ya uamuzi ule ilikwenda kwa mwendo wa gari moshi, gazeti na mdomo. Mwaka 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, Mwalimu Nyerere akiwapo, Jakaya Kikwete aliongoza katika duru ya kwanza ya kumtafuta mgombea urais wa CCM, na Benjamin Mkapa akamshinda katika duru ya pili. Siku zile televisheni ilikuwa changa mno Tanzania Bara. Mtu wa Mpwapwa au Kondoa aliyetaka kujua nani kashinda aliitegea sikio redio, akangoja. Baina ya ukumbi na mwananchi palikuwa na saa kadhaa, na saa hizo zilikuwa mali ya chama. Chama kilizitumia kupatanisha waliogombana na kupanga maneno ya kuwaambia watu.

Julai 2015 saa hizo zilitoweka. Wanachama 38 walikuwa wamerudisha fomu za kuomba urais, na Kamati Kuu ikakutana Dodoma kuwachuja hata wakabaki watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Umma uliyapata majina hayo kutoka katika akaunti ya chama katika Twitter. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi katika vikao vile, halikuwamo. Usiku uleule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kujitenga na uamuzi. Zamani jambo kama hilo lingejulikana kwa minong'ono, baada ya wiki, tena nusunusu. Safari hii nchi nzima ilikesha nalo. (Nchimbi mwenyewe alikuja kuwa Katibu Mkuu wa chama hichohicho mwaka 2024, siasa yetu haina chuki za kudumu kama wageni wanavyodhani.) Tarehe 12 Julai Magufuli alitangazwa kuwa mgombea kwa asilimia 87 ya kura, na tarehe 28 Lowassa alihamia Chadema.

Msemaji wa chama katika siku zile alikuwa Nape Nnauye, Katibu wa Itikadi na Uenezi. Naomba msomaji alishike jina hili, maana mtu huyu tutakutana naye tena na tena, na historia ya jambo letu yaweza kusomwa karibu yote katika maisha yake ya miaka kumi.

Tarehe 27 Januari 2016 Nape, sasa akiwa Waziri wa Habari, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania halitarusha tena moja kwa moja baadhi ya mijadala ya Bunge. Sababu aliyoitoa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake wananchi wangepata kipindi cha muhtasari usiku. Wabunge wa upinzani walisimama kupinga, kelele zikazidi, na mwisho polisi waliingia ukumbini kuwatoa. Miezi mitano baadaye, Juni 2016, polisi walipiga marufuku mikutano ya hadhara ya vyama. Marufuku ile ilidumu hata tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoiondoa.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mwanasiasa ana mahali pawili pa kusemea, bungeni na uwanjani. Katika muda wa miezi mitano mwanasiasa wa upinzani alipunguziwa la kwanza na kunyimwa la pili. Je, aende wapi? Simu aliikuta mkononi. Hakuichagua kama mtu achaguavyo nguo dukani. Aliirithi kama mtu arithivyo nyumba ya jirani baada ya yake kubomolewa.

Dodoma yenyewe ilitoa ushahidi upesi. Mwisho wa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni katika muda wa saa 24, baada ya wahadhiri wao kuacha kufundisha kwa madai ya malipo. Vijana wale, wengine wadogo sana, walijaa vituo vya mabasi na masanduku yao, wengi bila nauli. Mbunge wa upinzani Joshua Nassari aliomba Bunge liahirishe shughuli zake lijadili jambo lile. Naibu Spika Tulia Ackson hakukubali. Wapinzani wakatoka nje. Ukumbi wa Bunge na kituo cha mabasi vilikuwa katika mji mmoja. Wananchi wa mikoani waliziona picha za vijana wale katika simu zao, ila mjadala ulioombwa na kukataliwa hawakuuona ukitokea. Picha ilifika kabla ya hoja, na kwa wengi hoja haikufika kabisa.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa, na sitaki kuificha kwa sababu tu ya kuupenda uhuru ambao simu ilileta. Mjadala wa Bunge, hata ukiwa wa kuchosha, una kanuni: huyu husema, yule hujibu, na msikilizaji huwapima wote wawili kwa kikao kimoja. Simu hukata kipande kilicho kikali zaidi, ikakipeleka peke yake. Mbunge ajuaye hivyo huanza kusema kwa ajili ya kile kipande. Tena kuna mtu wa Bahi au Chamwino ambaye redio yake ilimtosha kwa betri mbili. Simu yamtaka bando, chaji na minara.

Chama tawala nacho kiliitumia simu kwa ustadi. Mnamo Novemba 2015, baada ya Magufuli kuanza kubana matumizi ya Serikali, Afrika Mashariki nzima ilicheka kwa mizaha ya kuuliza Magufuli angefanyaje. Hakuna mwenezi wa chama ambaye angeweza kununua sifa ile kwa fedha. Lakini Serikali hiyohiyo ilikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa Dodoma Aprili 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka ule, wiki chache kabla ya uchaguzi. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye kuchapisha habari mtandaoni alipie leseni.

Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyingi nje ya nyumba yake Dodoma baada ya kutoka bungeni. Usiku ule alipelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Karibu miaka mitatu mtu wa Ikungi alizungumza na watu wa Ikungi kutoka Ulaya, kwa kioo cha simu, mpaka aliporejea tarehe 27 Julai 2020 kugombea urais. Mkesha wa kupiga kura, Oktoba mwaka huo, Twitter ilizuiwa.

Na Nape? Machi 2017 aliondolewa katika uwaziri. Alipotaka kusema na waandishi wa habari Dar es Salaam alielekezewa bastola barabarani, na picha ile ilienea nchini kwa simu. Mwaka 2019 sauti za mazungumzo yake ya simu zilivujishwa mtandaoni, akaenda Ikulu kumwomba radhi Magufuli, akasamehewa. Mwaka 2022 alirudi kuwa Waziri wa Habari, akayafungulia magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa. Julai 2024 kipande cha maneno yake ya Bukoba juu ya kura na matokeo kilisambaa. Alieleza kuwa ulikuwa mzaha, lakini siku chache baadaye hakuwa waziri tena. Mtu aliyeanza kwa kulipunguzia Bunge sauti alipandishwa na kushushwa na sauti asizoweza kuzipunguza.

Mei 2025 mtandao wa X, ulioitwa Twitter zamani, ulifungwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Uwanja wa mkutano hufungwa mmoja mmoja na askari huonekana wakiufunga. Uwanja wa simu ulifungwa Dodoma, Mwanza na Mbeya kwa wakati mmoja, bila askari hata mmoja kuonekana.

Kwa sisi tunaofanya kazi na nyaraka kuna shaka nyingine. Magazeti ya TANU ya miaka ya 1950 yangali yakisomeka katika maktaba. Majadiliano ya Bunge ya Mei 2016 yamechapwa katika Taarifa Rasmi, na mwanafunzi akitaka atalikuta ombi la Nassari na jibu la Naibu Spika, neno kwa neno. Lakini zile picha za vijana wenye masanduku zilipigwa kwa simu ambazo nyingi zimekwisha kuvunjika, kuibwa au kufutwa ili kupata nafasi ya picha nyingine.