Hisa za kampuni ndogo: Mambo ya kuzingatia kwa mwekezaji wa Pemba

HISA ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Anayenunua hisa si mkopeshaji bali ni mmoja wa wenye kampuni: ikipata faida hupewa gawio pale linapoidhinishwa, na ikifilisika hulipwa mwisho, baada ya wadai wote.

Nchini Tanzania hisa za kampuni za umma huuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL. Mwaka 2013 soko hilo lilifungua dirisha maalumu la kampuni ndogo na changa, linalojulikana kama Soko la Kukuza Ujasiriamali (EGM). Kampuni inayoingia humo haidaiwi historia ndefu ya faida, ila hulazimika kuwa na mshauri aliyeidhinishwa wa kuisimamia katika kufuata kanuni. Benki ya Maendeleo ndiyo iliyotangulia, Novemba 2013, baada ya kuuza hisa zake kwa Sh500 kila moja.

Kwa mkulima wa karafuu wa Wete au mfanyabiashara wa Chake Chake, umbali si kikwazo tena, kwani hisa huweza kununuliwa kwa simu ya mkononi kupitia huduma ya Hisa Kiganjani. Kikwazo kiko katika kuuza. Hisa za kampuni ndogo huweza kukaa siku nyingi bila kupata mnunuzi. Kwa sababu hiyo, fedha za msimu zinazotegemewa kwa ada za shule au palizi ya shamba hazifai kuwekwa humo.

Hatari nyingine ni ya kampuni yenyewe. Desemba 2022 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliiweka chini ya usimamizi wake benki ya Yetu Microfinance, iliyokuwa imeorodheshwa EGM, kutokana na upungufu wa ukwasi na mtaji.

Aidha, kampuni nyingi zilizoorodheshwa katika dirisha hilo zimekuwa benki. Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, hilo ni jambo la kuuliza mapema, kwa kuwa mapato ya benki ya kawaida hutokana na riba.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kusoma waraka wa matarajio na hesabu zilizokaguliwa, na kuhakikisha kuwa dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Baada ya kununua, kumbukumbu za hisa zijulikane kwa familia, kwani hisa ni mali inayorithiwa kama shamba la mikarafuu.