Kutoka Hazina hadi Mloka: Miaka 60 ya Kuchagua Mashine

Mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilifanya uamuzi ambao wauza kompyuta wa Kariakoo wanaishi nao mpaka leo. Mwezi Aprili ilitoa prosesa iitwayo Celeron, kwa wanunuzi wasio na fedha nyingi, bei dola 155. Mwezi Juni ikatoa Pentium II Xeon kwa ajili ya seva, na ile yenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) ya megabaiti moja ikauzwa dola 2,836. Zote mbili zilikuwa za ukoo mmoja. Tofauti ilikuwa kwenye kache, kwenye uwezo wa kufungwa kadhaa katika mashine moja, na kwenye mfuko wa mnunuzi. Celeron ya kwanza ilitoka bila kache ya ngazi ya pili hata kidogo, magazeti ya kompyuta yakaicheka. Agosti ikaja Celeron 300A yenye kilobaiti 128, vijana wakaichokonoa hadi ikakimbia megahezi 450, na kicheko kikakoma.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Ikwiriri, kaskazini mwa Mto Rufiji, watu walianza kupita nyumba kwa nyumba na madaftari.

Walikuwa wahojaji wa mradi wa afya uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC. Kazi yao ilikuwa kuandikisha kila kaya na kila mkazi katika vijiji 31 vya Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa ili kuizaa Kibiti. Watu zaidi ya 80,000 waliingia kwenye orodha. Mloka, kijiji cha Kata ya Mwaseni kilichoko mbali upande wa magharibi, jirani na pori la Selous, ilibaki nje ya eneo hilo.

Kila baada ya miezi minne mhojaji alirudi kwenye nyumba ileile na daftari lilelile. Hodi, salamu, kisha maswali: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama, nani ana mimba, nani ameoa au kuolewa. Palipotokea msiba, mtu mwingine alikuja baadaye kuwauliza wafiwa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, ili sababu ya kifo ikadiriwe hata kama hakuwahi kufika zahanati. Madaftari yakapelekwa kituoni Ikwiriri, na taarifa zikachapwa kwenye kompyuta.

Programu iliyozipokea ilibuniwa kwanza Navrongo, kaskazini mwa Ghana, kwa ushirikiano na shirika la Population Council, juu ya mfumo wa kanzidata wa FoxPro. Ilikuwa na ukali wa hakimu. Ukichapa kwamba mama fulani amejifungua Machi ilhali daftari linasema alifariki Januari, inakataa. Ukiandika kwamba kijana amehama mara mbili bila kurudi katikati, inakataa. Daftari linarudishwa kijijini, mhojaji anabisha hodi tena.

Je, kazi hiyo ilihitaji Xeon? Hesabu yake ni nyepesi. Hata kila mkazi akiandikiwa herufi 1,000, watu 85,000 hawafikishi megabaiti 90, na diski ya kompyuta ya kawaida ya miaka ile ilikuwa na gigabaiti kadhaa. Makarani wachache wanaochapa hawawezi kuichosha prosesa; sehemu kubwa ya muda inakaa ikisubiri kidole cha binadamu kibonye herufi inayofuata. Kilichokuwa na uzito ni kwamba mashine iweze kufunguliwa na kupatiwa kipuri Dar es Salaam. Safari ya Dar yenyewe haikuwa ndogo, maana barabara ya kusini nyakati za masika ilikuwa tope tupu.

Kufika hapo kulichukua zaidi ya miaka 30, na mwanzo wake haukuwa mzuri.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators, ingawa chini ya nembo hiyo ya Kiingereza ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyouzwa kwa jina jingine. Kumbukumbu yake ilihesabiwa kwa maelfu tu ya herufi. Mashine za aina hiyo zilidai chumba kizima chenye ubaridi, kadi za kutobolewa matundu, na kundi la watu wa kuzilisha na kuzitunza. Wakati ule hapakuwa na swali la kuchagua kati ya mashine ndogo na kubwa, kwa sababu ndogo haikuwepo. Ilikuwa kubwa au kalamu na karatasi.

Hazina ikasogea kwenye mashine za kizazi kilichofuata, zile za ICL, na ikajaribu kuutia uhasibu wa Serikali ndani ya kompyuta. Mfumo ukashindwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na televisheni zikaingizwa kwenye marufuku hiyohiyo. Ndiyo maana Wazanzibari walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, huku Bara wakisubiri hadi 1994.

Ni rahisi leo kuwacheka wakubwa wa 1974. Lakini tuwatendee haki. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya tangu mwaka uliotangulia, na mashine ya Hazina ilikuwa imekula fedha bila kutoa kilichoahidiwa. Kosa lilikuwa mahali pengine: mashine ilinunuliwa kabla nchi haijawa na watu wa kutosha wanaoijua, na kabla karatasi za uhasibu zenyewe hazijapangwa zikapangika. Prosesa yenye nguvu ikipewa vitabu vilivyovurugika itavuruga kwa kasi zaidi. Adhabu ikaangukia chuma badala ya utaratibu.

Marufuku hiyo iliikuta dunia ikigeuka. Intel ilikuwa imeshatoa prosesa ya kwanza iliyokaa kwenye kipande kimoja cha silikoni, 4004, mwaka 1971. Agosti 1981 IBM ikauza kompyuta ya mezani yenye prosesa ya 8088 iliyokwenda megahezi 4.77, na mtindo wake ukaigwa na kila kampuni. Nchini, masharti yalilegea kidogokidogo katika miaka ya 80, kompyuta ndogo zikapenya kupitia miradi ya wafadhili na vyuo, na mwanzoni mwa miaka ya 90 milango ikafunguka. Kwa hiyo Ikwiriri ya 1998 ilirithi vitu viwili: mashine ndogo ambayo Hazina ya 1965 isingeweza kuiota, na funzo ambalo Hazina ililipia. Daftari lilitangulia, wahojaji wakafunzwa, kisha kompyuta ikaja kuhudumia utaratibu uliokwishakuwepo.

Matunda yake yanajulikana hadi nje ya nchi. Kwa takwimu za vifo, timu za afya za wilaya mbili za mradi huo, Rufiji na Morogoro, ziliweza kuona, kwa grafu rahisi zilizochorwa kwenye kompyuta ya ofisini, ugonjwa gani unaua na fedha zinakwenda wapi. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti ya afya ya 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Fedha zikahamishwa, nyongeza ikiwa ndogo sana kwa kila mkazi. Katika miaka mitano iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, kwa mujibu wa kitabu cha mradi wenyewe kilichotoka 2004. Hakuna aliyewahi kuuliza prosesa ilikuwa ya megahezi ngapi.

Baadaye mambo yaligeuka tena. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na intaneti iliyokuwa ikipita kwenye setilaiti kwa bei ya kuumiza ikashuka ardhini. Kompyuta ya wilaya haikuwa tena na sababu ya kujifungia na data zake. Kufikia 2013 mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umeenea nchi nzima. Sasa karani wa Utete, Rufiji, na wa Ujiji, Kigoma, huandika mahali pamoja, kwenye seva moja, mara nyingi siku zilezile za kufunga mwezi. Na sensa ya Agosti 2022 ikatumia vishikwambi: watu 61,741,120 wakaandikwa bila rundo la karatasi za kusafirisha, na vifaa vyenyewe vikagawiwa walimu baada ya hapo.

Hapa ndipo Xeon na jamaa zake wanapostahili bei yao. Seva inayopokea maelfu ya watu kwa wakati mmoja inahitaji kori (viini vya kazi ndani ya prosesa) nyingi kuliko kasi ya kori moja. Inahitaji ramu zinazojisahihisha zenyewe biti moja inapogeuka, kwa kuwa kosa moja lisiloonekana linaweza kukaa ndani ya takwimu za taifa kwa miaka. Inahitaji kuwaka usiku na mchana. Karani wa Utete hahitaji chochote kati ya hivyo; anahitaji kivinjari kifunguke na umeme usikatike kabla hajahifadhi.

Tofauti kati ya prosesa ya seva na ya mezani imekuwa kubwa kuliko ya 1998. EPYC 9654 ya AMD, iliyotoka 2022, ina kori 96, imepangiwa wati 360, na bei yake ya orodha ilikuwa dola 11,805. Core i3-12100 ya mwaka huohuo ina kori 4, wati 60, na bei yake ilianzia dola 122. Kwa fedha ya EPYC moja ungepata i3 96 na chenji ingebaki, yaani prosesa nzima kwa kila kori. Ajabu ni kwamba kwa kuandika barua, kuchapisha au kujaza fomu, i3 ndiyo itakayokwenda mbio, kwa sababu kori yake moja inafika gigahezi 4.3 na ya EPYC inaishia 3.7.

Siku hizi kuna njia ya tatu inayowatamanisha vijana: Xeon mtumba. Xeon E5-2670 ya 2012, kori 8, ilianza kwa bei ya dola 1,552; vituo vya data vilipobadilisha mashine, zikafurika kwenye masoko ya mtumba kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwa mhariri wa video aliye kwenye umeme wa uhakika, si mali mbaya. Lakini inakula hadi wati 115, haina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya ziada, na madabodi yake ikifa kipuri ni cha kutafutwa kwa tochi. Ukiiweka kwenye sola ya kijijini, betri itakwisha kabla ya adhuhuri.

Na Mloka je? Kijiji hiki, cha mwisho kabla ya lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kimejikuta jirani ya mitambo mikubwa kuliko yote nchini. Juu yake mtoni, kwenye korongo lililojulikana kwa jina la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere: mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, wa kwanza ukiwashwa Februari 2024 na wa mwisho 2025. Umeme wake hupanda njia ya kilovolti 400 kwenda Chalinze. Maji yake huteremka Mwaseni, Utete, hadi deltani.

Mto huu ulianza kupimwa zamani. Ripoti ya FAO kuhusu bonde la Rufiji, iliyotoka mwaka 1961 katika majuzuu 7, ilitegemea vipimo vya mtoni na hesabu za mkono. Aprili 2024 mvua zilipozidi, mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, Muhoro na Chumbi zikiwemo. Wananchi walilalamikia maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Ubishi huo unamalizwa na hesabu tu: mvua iliyonyesha nyanda za juu, kina cha bwawa, saa ambazo maji yatachukua kufika kila kijiji, ikirudiwa mara nyingi kwa makadirio tofauti ya mvua, matokeo yakitangazwa hadharani. Hiyo ni kazi ya kori nyingi, usiku na mchana, na haivumilii biti iliyogeuka.

Basi mwenye steshenari Mloka anunue i3, hata ya mtumba, na fedha inayobaki aiweke kwenye diski ya SSD na UPS nzuri. Seva ya kori 96 inunuliwe pia, tena kwa ajili yake, lakini ikae kwa wanaosimamia maji na hali ya hewa, na kazi yake ya kwanza iwe kumwambia siku mbili mapema kwamba mto unakuja.