Sambusa za Jibini: Kutoka Baghdad na Jerez Mpaka Futari ya Kinanira



Habari hii inaanzia kwenye mkeka wa futari hapa kwetu Kinanira, kusini mwa Bujumbura. Tende zilikuwepo, uji ulikuwepo, na kulikuwa na sahani ya sambusa za jibini, zile ambazo watoto wetu siku hizi wanazipigania kuliko za nyama. Sahani ilizunguka. Mzee mmoja kutoka Buyenzi, tuliyemwalika kwa heshima, aliipokea, akaitazama, akampa jirani yake bila kuchukua hata moja. Hakusema neno mbele ya watu. Baada ya swala ndipo tulipomuuliza kama tumbo linamsumbua, naye akajibu kwa upole: "Tumbo ni zima, wanangu. Ila hiyo foromaji, imegandishwa na nini?"

Tukaangaliana. Mama wa nyumba alijua bei yake, alijua duka alilonunua. Kilichoyagandisha yale maziwa hakukijua, wala sisi wengine. Basi tukaanza kuuliza na kusoma, na swali la mzee likatupeleka mbali kuliko tulivyotarajia.

Tuanze na sambusa yenyewe. Wengi wetu tunaihesabu kuwa ni chakula cha Kihindi. Jina lake hata hivyo ni la Kiajemi, na kabla halijazoeleka India lilikuwa limekwisha kukaa Baghdad, katika meza za makhalifa wa Bani Abbas. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, cha karne ya 10, kinaitaja kwa jina la sanbusaj. Kingine, kilichoandikwa na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi mwaka 1226, kinaeleza jinsi ya kuijaza nyama iliyosagwa na kuikaanga kwa mafuta ya ufuta. Hata wa sukari na lozi hawakusahauliwa.

Yuko mtu mmoja anayetugusa sisi watu wa Afrika Mashariki. Mwanahistoria al-Mas'udi, ambaye katika kitabu chake alihifadhi mashairi ya kuisifu sanbusaj yaliyosomwa mbele ya khalifa, ndiye huyo huyo aliyesafiri kwa jahazi mpaka kisiwa cha Qanbalu mwaka 916. Wataalamu wengi wanaona kisiwa hicho ni Pemba. Alikuta huko Waislamu wakiishi pamoja na Wazanji. Kwa hiyo zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, mtu aliyeijua ladha ya sambusa alikuwa amekwisha kanyaga mchanga wa pwani yetu.

Karne nne baadaye akaja Ibn Battuta, mwaka 1331. Mogadishu walimlisha wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando na achari za ndimu. Sambusa hakuitaja huko. Aliitaja alipofika India, katika karamu za Sultani wa Delhi: nyama ya kusaga, lozi, jozi, fistiki na vitunguu ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli. Sisi twaona hii ni dalili kwamba sambusa ya kwetu imekuja kwa njia ya bahari ya Hindi, pamoja na vitambaa na bizari.

Kutoka pwani mpaka ziwani ilikuwa safari ya miguu. Njia ilikuwa ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, njia ya pembe za ndovu na, tuseme ukweli, ya watumwa pia. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Ujiji wasipande milimani, ndiyo maana kwa muda mrefu Uislamu wa Burundi ulikaa kandokando ya Tanganyika, Rumonge na Usumbura. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura miaka ya 1890, Wabelgiji wakaichukua 1916, na mji ukawa Bujumbura wakati wa uhuru, 1962. Katika muda huo Waswahili walikusanyika Buyenzi, na wafanyabiashara wa Kihindi wakapata mtaa wao unaoitwa mpaka leo Quartier Asiatique. Mitaa hii miwili imekaribiana, na sambusa ilikuwa na milango miwili ya kuingilia. Leo hakuna Mrundi asiyeijua, awe Muislamu au si Muislamu, na kwa Kirundi ni sambusa vilevile.

Sasa jibini. Hapa ndipo tulipopata jambo ambalo hatukulijua kabisa.

Tulidhani kukaanga jibini ndani ya unga ni mtindo wa Wazungu. Kumbe Waislamu wa Andalusia, yaani Hispania ya zamani, walikuwa na chakula kinachoitwa mujabbana, na jina hilo limetokana na jubn, neno la Kiarabu lililotupa sisi Waswahili "jibini". Ni donge la unga lililofungiwa jibini bichi katikati, likatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, likaliwa kwa asali na mdalasini. Mji wa Jerez ulisifika kwa mujabbana hata watu wakawa wanasema kwamba aliyefika Jerez asile mujabbana amejinyima. Ibn Razin al-Tujibi, mtu wa Murcia aliyehamia Tunis baada ya nchi yao kutekwa, aliandika kitabu kikubwa cha mapishi katika karne ya 13 ili vyakula vya kwao visipotee, na mujabbana imo. Jerez ilichukuliwa na Wakristo wa Castile mwaka 1264. Mwaka 1609 mpaka 1614 waliobaki wa kizazi cha Waislamu walifukuzwa Hispania yote. Mujabbana hawakuifukuza. Wahispania waliiita almojábana, wakaivusha bahari, na leo inaliwa Colombia na Puerto Rico na watu ambao huenda hawajui kwamba wanatamka Kiarabu.

Katika kitabu kingine cha Andalusia cha karne hiyo hiyo, ambacho mwandishi wake hajulikani, kuna maelekezo ambayo kila mama aliyewahi kupasukiwa na sambusa atayapenda. Anasema mujabbana haitengenezwi kwa jibini la aina moja. Ukitumia la kondoo peke yake litayeyuka na kutoroka. Ukitumia la ng'ombe peke yake litashikana liwe bonge moja. Changanya, anasema: robo ya ng'ombe, robo tatu ya kondoo. Tulipoyasoma hayo tulicheka, maana jikoni kwetu Kinanira mafuta yalikuwa yamejaa jibini lililotoroka wiki nzima.

Burundi yenyewe ni nchi ya ng'ombe, lakini haikuwa nchi ya jibini. Wazee walikunywa maziwa, wakayagandisha, wakayasukasuka ndani ya kibuyu kiitwacho igisabo wakapata siagi. Ng'ombe wa pembe ndefu hutoa lita chache tu kwa siku, na maziwa hayakukaa siku nyingi hata ikahitajika njia ya kuyahifadhi kwa miezi. Jibini lilikuja na wakoloni na mapadre. Hata lile maarufu la Masisi, ng'ambo ya Kongo, linalouzwa kwa jina la jibini la Goma, lilianzishwa na mapadre wa Kibelgiji miaka ya 1970. Vita vimeipiga Masisi tena na tena na wafugaji wamepoteza ng'ombe wengi. Jibini hilo likifika Bujumbura, bei yake si ya kila nyumba. Ndiyo maana wengi wananunua vile vipande vya pembetatu vya La Vache qui rit, vilivyoanza Ufaransa mwaka 1921. Jibini la namna hiyo, lililoyeyushwa na kutiwa chumvi maalumu ili lisiharibike, lilivumbuliwa Uswisi mwaka 1911, na halihitaji friji, jambo ambalo mtu anayekatikiwa umeme kila mara analielewa bila kuelezwa.

Turudi kwa mzee wetu. Swali lake si geni, lina umri wa Uislamu wenyewe. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, aliletewa jibini, akaomba kisu, akataja jina la Allah na akakata. Masahaba walipofungua nchi ya Waajemi walikuta jibini la Majusi, ambao hawachinji kama sisi, na wakalila. Tatizo liko kwenye infaha, yaani dawa ya kugandishia inayotoka tumboni mwa ndama au mwana-mbuzi anayenyonya. Kama mnyama kachinjwa kisheria, hakuna ugomvi. Kama hakuchinjwa hivyo, Imamu Abu Hanifa anaiona infaha hiyo ni tohara, na Ibn Taymiyya ameifuata rai kama hiyo. Imamu Shafi na Imamu Malik wanasema ni najisi. Nasi wengi hapa, kama ndugu zetu wa pwani, tumelelewa katika madhehebu ya Shafi. Mzee hakuwa mkali wala hakuwa mjinga. Alikuwa anaifuata elimu aliyofundishwa madrasa, na hakumharamishia mtu mwingine. Alichokiacha ni kile kilichomtia shaka tu, kama hadithi inavyotuusia.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Viwanda vingi havitumii tena tumbo la ndama. Vinatumia dawa inayotokana na kuvu, au ile inayotengenezwa na vijidudu, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1990. Kwa hiyo someni maandishi ya kwenye kasha. Likiandikwa kwamba halina kitu cha mnyama katika kugandisha, mambo yamekwisha. Lisipoandikwa, mwenye duka hatajua, msimsumbue.

Sisi tulichagua njia fupi zaidi, ambayo pia ni rahisi kwa mfuko: jibini la ndimu, lisilo na infaha kabisa. Chemsheni lita 2 za maziwa halisi mpaka yapande. Punguzeni moto, mtie vijiko 4 vya mezani vya maji ya ndimu, kimoja kimoja, huku mkikoroga taratibu. Maziwa yatajitenga, mabonge juu na maji ya kijanikijani chini. Chujeni kwa kitambaa safi, suuzeni kidogo kuondoa ukali, kamueni, kisha wekeni kitu kizito juu kwa muda wa saa moja. Mtapata karibu gramu 300. Jibini hili lina tabia moja njema, haliyeyuki hata likikaangwa. Lakini likiwa peke yake huwa kavu mdomoni, na hapo ndipo ushauri wa yule Mwandalusi ulipotusaidia. Tulichanganya na robo ya jibini linaloyeyuka, ambalo asili yake tumeisoma. Yeye alitaka robo ya kushikana na robo tatu za kuyeyuka, sisi tumegeuza, maana manda zetu ni nyembamba kuliko donge lake. Asiye na jibini la kuyeyuka atie kiini cha yai moja, inatosha. Ongezeni giligilani, pilipili manga na kitunguu cha majani.

Manda ni zile zile za sambusa ya nyama: madonge mawili yaliyopakwa mafuta na unga katikati, yakasukumwa pamoja, yakapitishwa juu ya kikaango kikavu kwa muda mfupi, yakabanduliwa na kukatwa. Gundi ni unga na maji. Msijaze sana. Pembe zizibwe vizuri, kwa kuwa jibini likipata moto hutoa mvuke na mvuke hutafuta tundu. Ziwekeni mahali pa baridi nusu saa. Mafuta yawe ya moto hasa: tupieni kipande cha manda, kikipanda juu mara moja na kutoa mapovu, anzeni. Kaangeni nne nne, si kumi. Mkizijaza, mafuta yanapoa na sambusa inayanywa.

Sahani ya kwanza tuliyopika namna hii tuliipeleka Buyenzi kwa mzee, tukamweleza ndimu ngapi zimeingia. Alikula mbili, akasema chumvi imepungua, na kweli ilikuwa imepungua. Kijiko kimoja kidogo cha chai katika gramu 300 kinatosha.

Na yale maji yaliyobaki baada ya kuchuja jibini, msiyamwage. Kandieni unga wa manda badala ya maji ya bomba, zinakuwa laini kusukuma na zinapata rangi nzuri zaidi kwenye mafuta.