Istilahi za Kijeshi za Kale kama Ushahidi wa Historia ya Ukoo: Mfano wa Afrika Mashariki, 1889–1961

Utangulizi

Familia nyingi za Tanzania na Kenya zina kumbukumbu ya babu, au baba wa babu, aliyekwenda katika vita vya Mjerumani. Mara nyingi kumbukumbu hiyo imesalia katika neno moja tu: askari, ombasha, effendi au Kariakoo. Makala haya yanajenga hoja kwamba neno la namna hiyo ni ushahidi wa kihistoria unaopaswa kuhojiwa kama hati nyingine yoyote. Maana yake haikamiliki mpaka lifungamanishwe na jeshi lililolitumia, mwaka lilipotumika na mtu aliyelitamka.

Vyeo vilivyosafiri

Mwaka 1889, Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani jijini Cairo ili kuzima upinzani wa watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim. Wengi wao walikwishatumikia jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa na asili ya Kituruki, nao walikuja na vyeo hivyo. Kikosi hicho kilipofanywa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891, ngazi ilibaki ileile: juu ya askari wa kawaida alikuwapo ombasha, kisha shaush, betshaush, sol na, juu kabisa, effendi. Ombasha kwa asili ni mkuu wa watu kumi.

Hapa ndipo kosa la kwanza la ufasiri hutokea. Neno lenye asili ya mbali humshawishi mtafiti kudhani kwamba aliyelibeba naye alitoka mbali. Hata hivyo, kufikia mwaka 1914 askari wengi wa jeshi hilo walikuwa wameandikishwa ndani ya koloni, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa miongoni mwao. Kwa hiyo, cheo cha ombasha huthibitisha utumishi na ngazi. Hakithibitishi nasaba ya Kisudani.

Kosa la pili hutokana na neno moja kutumiwa na majeshi mawili. Katika jeshi la Wajerumani, effendi alikuwa ofisa Mwafrika, na walioshika cheo hicho walikuwa wachache. Miongoni mwao alikuwa baba wa Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904 aliyefia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Katika miaka ya 1950, Waingereza nao walianzisha cheo cha effendi katika King's African Rifles, chini ya luteni. Idi Amin alikipata mwaka 1959, akawa luteni mwaka 1961. Ukoo unaosema tu kwamba “babu alikuwa effendi” unaweza kuwa unamzungumzia mtu wa 1900 au wa 1960, na nyaraka za watu hao wawili hutafutwa katika nchi mbili tofauti.

Askari, mpagazi na Kariakoo

Suala zito zaidi ni mpaka kati ya askari na mpagazi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kiligeuka Kariakoo katika vinywa vya watu, na jina hilo likabaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Msikilizaji wa leo anayeambiwa kwamba babu “alikuwa Kariakoo” hufikiri habari za soko, ilhali msimulizi huenda alikusudia vita. Vivyo hivyo, neno mnyapara, ambalo leo huleta fikra za gereza, katika misafara lilimtaja msimamizi wa wapagazi.

Kinyume chake pia hutokea. Kwa kuwa askari alikuwa na heshima, mshahara na bunduki, wajukuu huweza kumwita askari mtu aliyebeba mizigo, boi aliyemhudumia askari, au rugaruga aliyepigana bila kuwa katika jeshi la kawaida. Tofauti hii si ya heshima tu. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Mwaka 2021, ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu anayemtafuta mpagazi katika orodha za askari hatamwona, naye anaweza kuhitimisha kimakosa kwamba masimulizi ya ukoo ni ya uongo.

Hitimisho

Mtafiti wa historia ya ukoo hana budi kuandika istilahi kama ilivyotamkwa kabla ya kuifasiri, kisha aulize ilikuwa ya jeshi gani, ya mwaka gani, na kama ilitamkwa na mhusika mwenyewe au na kizazi kilichofuata. Cheo kikigeuzwa haraka kuwa koplo au sajenti wa leo, kiungo kati ya simulizi na nyaraka hukatika. Kwa wapagazi, ambao hawakuandikiwa majina makaburini, neno lililobaki kinywani mwa ukoo huenda ndilo alama pekee ya utumishi wao.