Kumbukumbu ya Maafa: Hoja ya Kuwepo kwa Shahada ya Usimamizi wa Maafa

Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, jambo la kwanza lililowashinda wenye mamlaka lilikuwa kuhesabu watu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo waliokufa hutajwa kwa makadirio, kwamba walikuwa zaidi ya 800, na zipo familia ambazo ndugu yao hakupata kuandikwa popote, si miongoni mwa waliopanda wala miongoni mwa waliozikwa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101, lakini waliokufa tu walikuwa 228. Safari hii tiketi zilikuwa zimekatwa kwa mashine, ila mkataji alizama, na mashine yenye hesabu ikazama pia. Ziwa ni lile lile, chombo kimezidiwa vile vile, na swali la waliopanda ni wangapi likakosa jibu kwa mara ya pili. Ninadai katika makala haya kwamba kurudi huku kwa kosa lile lile ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya vyuo vikuu vyetu kutoa shahada ya usimamizi wa maafa. Dola inasahau. Mkuu wa wilaya huhamishwa, nahodha hustaafu, tume huvunjwa ikishakabidhi ripoti. Chuo kikuu ni miongoni mwa vyombo vichache ambavyo kazi yake ya kila siku ni kukumbuka kwa utaratibu, na shahada hii itastahili jina lake pale tu itakapoifanya kumbukumbu hiyo kuwa kiini cha mafunzo yake.

Taaluma yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo. Samuel Prince alichunguza mlipuko wa meli katika bandari ya Halifax, Kanada, wa Desemba 1917, na utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1920 kupitia Chuo Kikuu cha Columbia, unahesabiwa kuwa wa kwanza kuyatazama maafa kama jambo la kijamii linaloweza kuchunguzwa. Mwaka 1963 Enrico Quarantelli na wenzake walianzisha kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakawa wanapeleka watafiti mahali pa tukio mapema iwezekanavyo na kuhifadhi walichokikuta. Shahada ya kwanza ya fani hii ilikuja baadaye sana, mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha North Texas. Kwetu, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina kituo cha mafunzo ya maafa, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega kimeifanya fani hii kuwa moja ya alama zake. Mpangilio huo wa kihistoria una uzito wake: uchunguzi wa matukio halisi ulitangulia, mtaala ukafuata. Anayeuchukua mtaala wa kigeni ukiwa umekamilika, akauleta hapa bila uchunguzi uliouzaa, amechukua majibu ya maswali ya watu wengine.

Tukio letu moja linatosha kuonyesha uchunguzi huo unavyobadilisha fikra. Quarantelli na wenzake walisisitiza kwa miaka mingi kwamba waokoaji wa kwanza karibu kila mara ni wale waliopo hapo hapo, majirani na wapita njia, na kwamba taharuki ya umati inayoogopwa sana na maofisa ni nadra kuliko inavyodhaniwa. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliowahi kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 wakafa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba usimamizi wa maafa ni kutoa amri na kuzungushia utepe eneo la tukio atawaona wavuvi wale kama kero ya kuondolewa. Aliyesoma ushahidi atauliza maswali mengine kabisa: ni mialo gani iliyo karibu na njia ya ndege, nani ana mtumbwi wenye injini, kamba na vifaa vya kuvunjia vinawekwa wapi, na nani atampigia simu nani. Majibu yake yanatafutwa miezi na miaka kabla ya ajali, katika vikao visivyoandikwa na gazeti lolote.

Mifano ya gharama ya kusahau haiishii ziwani. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, mambo yalikwenda hivyo hivyo, na waliokufa wakapita 100 pia. Maelezo mepesi ni kwamba watu ni wajinga au wana tamaa, na maelezo hayo hayajamwokoa mtu hata mmoja. Yanayoweza kuchunguzwa ni mengine: ilichukua muda gani polisi kufika, nani alikuwa na mamlaka ya kufunga barabara, je, dereva na utingo walifundishwa cha kuwaambia watu, na kwa nini tukio la nchi jirani halikuwa limegeuzwa zoezi la wilaya zote zinazopitiwa na malori hayo. Kuna pia suala la MV Bukoba ilipokuwa imeelea kifudifudi. Waliotaka kuwatoa watu waliosikika wakigonga ndani walitoboa bati la meli, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikashuka. Waliofanya hivyo walisukumwa na huruma. Ndiyo sababu tukio hilo linapaswa kufundishwa kwa kina, pamoja na fizikia yake na shinikizo lililowakabili waliotoa uamuzi, ili atakayesimama mahali kama pale asianze upya.

Wapo wanaosema kazi hii haifundishwi darasani, inajifunzwa kazini. Kuhusu uokoaji wenyewe nakubaliana nao: mzamiaji na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hujengwa na mazoezi, si na mihadhara. Lakini maafa makubwa, kwa bahati njema, ni machache katika maisha ya ofisa mmoja. Anaweza kufanya kazi miaka 30 asikutane na kivuko kilichopinduka, na siku akikutana nacho uzoefu wake wote ni wa mambo mengine. Pale ambapo tukio ni adimu na gharama ya kukosea ni roho za watu, uzoefu binafsi hautoshi; inabidi kuazima uzoefu wa waliotangulia, na huko kuazima ndiko kusoma. Wengine husema mhandisi, daktari na mpangamiji wanatosha. Kila mmoja wao anajua sehemu yake. Mlima Hanang ulipomomoka tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vikashuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80, vipande vya maarifa vilivyohitajika vilikuwa vimetawanyika: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatabiri vuli yenye mvua nyingi kupita wastani, wanajiolojia wanajua udhaifu wa miamba ya milima ya volkano, wazee wanajua makorongo, ofisi ya ardhi inajua viwanja. Kazi ya kuviunganisha vipande hivyo kuwa onyo kwa kaya fulani, katika bonde fulani, haikuwa kwenye maelezo ya kazi ya yeyote kati yao.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi. Halmashauri isiyo na gari la zimamoto itamlipaje mtaalamu wa kukaa na kumbukumbu? Jibu lipo Kenya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ina maofisa wa kudumu katika kaunti 23 kame na nusu kame, nao hutoa taarifa kila mwezi kuhusu mvua, malisho, maji, bei za mifugo na lishe ya watoto, na kuiweka kaunti katika ngazi ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Ukame haujakoma, na wa 2020 hadi 2022 uliua mifugo isiyohesabika. Hata hivyo hakuna anayeweza kudai tena kwamba hakujua, na zipo fedha za kaya maskini zinazotolewa kwa kufuata vipimo vya uoto badala ya kungoja picha za njaa. Mtu atasema ukame huja polepole, ajali ni ya ghafla. Ni kweli kuhusu dakika ya kuzama tu. Kuzidisha abiria siku ya gulio, kuacha kukagua, kuvumilia tiketi zisizo na nakala nchi kavu, hayo yote huja polepole kama ukame, na yanaweza kuhesabiwa kila mwezi kama bei ya mbuzi.

Linabaki tatizo ambalo vyuo peke yake haviwezi kulitatua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nchini Tanzania imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na huo ni msingi mzuri. Lakini kamati ni wajumbe wenye kazi nyingine, na mara nyingi uratibu wa maafa huwa kofia ya pili ya ofisa aliyekwishaelemewa na ya kwanza. Mhitimu wa fani hii anaitafuta nafasi yake kwenye ikama ya halmashauri asiione, akaishia kwenye miradi ya mashirika, na maarifa yake huondoka mradi unapokwisha. Kufungua programu zaidi kabla ya kufungua nafasi hizo ni kuwadhulumu vijana na wazazi wanaowalipia ada. Vyuo navyo vina deni lao. Tasnifu kuhusu mafuriko ya Bonde la Msimbazi ikiandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa maktabani haijaifikia kamati ya kata ya Jangwani, Dar es Salaam. Ningependa kila tasnifu ya fani hii iwe na muhtasari wa Kiswahili, uwasilishwe mbele ya kamati husika, na mwanafunzi apimwe pia kwa maswali atakayoulizwa huko.

Na kumbukumbu haiwezi kufundishwa ikiwa imefungiwa kabatini. Ripoti za tume zetu nyingi zimeandikwa kwa lengo la kumpata wa kulaumiwa, kisha zikabaki mikononi mwa waliozipokea. Katika usafiri wa anga mambo ni tofauti: kanuni za kimataifa, katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali ni kwa ajili ya kuzuia nyingine, si kugawa lawama, na kwa desturi hiyo ripoti ya awali kuhusu ndege ya Bukoba ilitoka kwa umma, ikiwa ni pamoja na kasoro za uokoaji. Vivuko vya ziwani, malori ya mafuta na majengo yanayoporomoka yanastahili utaratibu huo huo: kesi ya jinai iende mahakamani kwa njia yake, na uchunguzi wa kujifunza uende peke yake, uchapishwe, na nakala ikabidhiwe kwa sheria kwa vyuo vinavyofundisha fani hii ndani ya muda uliotajwa.