Sola za Majumbani Kenya na Suala la Vipimo

Umeme wa jua uliingia katika makazi ya mashambani Kenya kupitia miteremko ya Mlima Kenya, katikati ya miaka ya 1980. Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyewahi kutumikia shirika la kujitolea la Peace Corps, alianzisha kampuni ya Solar Shamba katika eneo la wakulima wa kahawa. Yeye na mwalimu Mark Hankins walifunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, iliyokuwa ikifikiria kununua jenereta, na mafundi wa huko wakafunzwa kazi. Walimu walipoona madarasa yana mwanga, wakataka umeme huo majumbani mwao.

Katika miaka ya 1990 madukani zilijaa paneli ndogo za silikoni amofasi, nyingi za wati 12 hivi. Wanunuzi wengi tayari walikuwa na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoendeshwa kwa betri ya gari, ambayo ilibidi ibebwe hadi mjini kuchajiwa. Hivyo televisheni ilitangulia, betri ikafuata, na paneli ikanunuliwa kwa pesa zilizobaki. Mwishoni mwa muongo huo nyumba zaidi ya laki moja zilikuwa na sola, bila ruzuku kubwa ya serikali. Ni mafanikio makubwa, lakini yalijengwa juu ya hesabu iliyopinduliwa.

Hesabu sahihi huanza na matumizi. Televisheni ya wati 15 ikiwashwa kwa muda wa saa 3 hula wati-saa 45. Taa mbili za wati 8 kwa muda huohuo hula 48. Jumla ni 93 kwa siku. Paneli ya wati 12, kwa jua kali la muda wa saa 5, hutoa 60, na upotevu njiani huacha kama 42 tu. Nyumba hiyo ilihitaji paneli ya wati 30 hivi. Pengo hilo lililipwa na betri: betri ya risasi na asidi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya chaji, sahani zake hujaa salfeti na uwezo wake hufa mapema. Betri ya gari, iliyoundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, huumia zaidi.

Kingine kilichopunguzwa kilikuwa usalama. Nyumba nyingi hazikuwa na kidhibiti chaji wala fyuzi karibu na betri. Volti 12 hazitishi mtu kwa kumgusa, lakini betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, waya mwembamba ukawaka. Gesi ya haidrojeni itokayo wakati wa kuchaji nayo huhitaji chumba chenye hewa.

Baadaye taa za LED zilipunguza mzigo kwa kiasi kikubwa. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyoanza 2007, iliwezesha malipo ya kidogo kidogo, na kuanzia 2012 kampuni ya M-KOPA iliuza seti ambazo paneli, betri na taa zimekwisha kulinganishwa kiwandani. Mwaka huohuo kanuni za sola za Kenya ziliwataka wanaosanifu na kufunga mitambo hiyo wawe na leseni. Anayefungiwa sola nyumbani aombe kuiona leseni hiyo, pamoja na hesabu ya matumizi, kabla ya kutoa pesa.